Mwenzangu kaimba juu ya biti yangu: nimeibiwa, au ndiyo ridimu yenyewe?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 23, niko Tanga, naimba ragga na dancehall kwa Kiswahili. Miezi mitatu iliyopita prodyuza mmoja aliniita studio kwake, akanipigia biti, akasema: 'Hii ni riddim, ingiza sauti.' Nikamlipa elfu hamsini ya kurekodi. Wimbo ukatoka, watu wakaupenda. Wiki iliyopita nimesikia kijana wa Mombasa kaimba kwenye biti ile ile, na wake unapigwa kuliko wangu. Nikampigia prodyuza, akacheka: 'Dada, si nilikwambia ni riddim?' Mimi nilidhani riddim ni jina tu la biti. Mwalimu wangu wa kwaya anasema ni neno la Kiingereza kilichoharibika, maana yake mapigo. Binamu yangu aliyeko Birmingham anasema riddim ni aina ya muziki, akanitumia mfano: makelele ya mashine, hata mtu haimbi. Nani kasema kweli? Nimeibiwa? Na nikitaka kuliandika neno hili kwenye jalada, naliandikaje?"

Marahaba, binti. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaona kwamba maswali ni matatu lakini kidonda ni kimoja. Ulidhani umepewa nyumba, kumbe umepangishwa chumba, na mpangaji wa pili kaja na redio kubwa kuliko yako.

Nianze na kidonda. Kwa jinsi ulivyoeleza, kijana wa Mombasa hajakuibia kitu. Prodyuza naye hakukuibia. Alichofanya ni kukutajia neno ambalo ndani yake mna makubaliano mazima, kisha akanyamaza, wakati wewe ulilisikia kama jina jingine la biti. Hilo ni kosa lake, na una haki ya kumkasirikia. Ila ili ujue unamkasirikia kwa lipi hasa, inabidi tulifungue neno lenyewe.

Mwalimu wako wa kwaya kapatia nusu. Asili ya neno ni kweli lile la Kiingereza, "rhythm", lenye maana ya mapigo, likapita katika midomo ya Wajamaika, likatoka "riddim". Nusu aliyokosea ni hiyo ya "kuharibika". Patwa, lugha inayosemwa mitaani Jamaika, ilijengwa na Waafrika waliopelekwa utumwani kwenye mashamba ya miwa ya Waingereza, nayo ina sarufi na matamshi yake. Sisi tulichukua meza kwa Wareno na shati kwa Waingereza, na sijasikia mtu akisema meza ni Kireno kilichoharibika. Tena neno likishahama huwa halibaki na maana ya kwao. Mapigo ni ta-ta-ti ya ngoma peke yake. Ridimu ya Jamaika ni zaidi ya hapo: ni besi na ngoma pamoja, na vijipambo vichache vya kinanda au gitaa, vyote vimerekodiwa bila mwimbaji, vikapewa jina lao, ili waimbaji wengi, kila mmoja na maneno yake na sauti yake, waimbe juu yake. Ukitoa hayo ya mwisho, yaani jina na waimbaji wengi, umebaki na biti.

Binamu yako naye hajasema uongo, amesimama tu kwenye kituo kingine. Wajamaika walihamia Uingereza kwa wingi kuanzia 1948, ile meli ya Empire Windrush ilipotia nanga, wakahama na muziki wao na maneno yao. Miaka mingi baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wa kusini mwa London wakazaa dubstep, muziki wa mashine wenye besi nzito, na baadaye tawi moja la dubstep, lile linalorudia sauti moja kama lori linalobadili gia mlimani, likaitwa riddim. Huko ndiko kuliko mfano uliotumiwa. Ni jina la kukopa. Akitaka maana ya kwanza wala asisafiri mbali: Handsworth, mtaa walikotoka bendi ya reggae ya Steel Pulse, uko hapo hapo Birmingham. Ajue pia kwamba vijana wengi wa London na wa Kingston, mji mkuu wa Jamaika, siku hizi huita riddim wimbo wowote mzuri. Neno lina tabaka, na anayekuuliza "unaijua riddim?" lazima kwanza umuulize yeye ametokea wapi.

Wewe unaimba dancehall, kwa hiyo maana inayokuhusu ni ya Kingston.

Dancehall jina lake ni la mahali: ukumbi wa dansi, ingawa mara nyingi ukumbi wenyewe ulikuwa uwanja uliozungushiwa mabati. Tangu miaka ya 1950 watu wengi wa Kingston hawakuwa na uwezo wa kununua gramafoni wala santuri, kwa hiyo muziki uliwafuata kwa gari: spika kubwa kama makabati, amplifaya, sahani ya santuri na mtu wa maikrofoni. Hiyo ndiyo saundi sistemu. Sasa tafakari jambo moja la sauti. Ukipiga muziki nje, hewani, sauti nyembamba hupotea na upepo, maneno hupotea na kelele za watu. Kinachokufikia kifuani ni besi. Mtu aliyesimama barabara ya tatu halisikii jina la mpenzi wa mwimbaji, lakini besi anaisikia, na kwa besi hiyo anajua wimbo gani unapigwa na kama ni wa kumtoa nyumbani. Ndiyo maana ya muziki ule kujengwa kutoka chini kwenda juu, na ndiyo maana jina hupewa besi.

Hatua ya pili ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, na inasimuliwa hivi. Ruddy Redwood, mwenye saundi sistemu huko Spanish Town, alikwenda studio ya Duke Reid, Treasure Isle, akatiwe nakala ya wimbo wa kundi la Paragons uitwao "On the Beach". Fundi mitambo akasahau kufungulia sauti za waimbaji, nakala ikatoka muziki mtupu. Redwood hakuitupa. Usiku akapiga kwanza ule wenye sauti, kisha huu mtupu, na watu uwanjani wakaujaza wenyewe kwa kuimba. Haukupita muda mrefu santuri za Jamaika za inchi 7 zikawa na wimbo upande mmoja na muziki mtupu upande wa pili, na upande ule ukaitwa "version". Mtu wa maikrofoni akapata uwanja wa kucheza. Mwaka 1970 U-Roy akaingia studio ya Duke Reid huyo huyo, akaropoka kwa mahadhi juu ya nyimbo ambazo watu walikuwa wanazijua tayari, zikawa nyimbo mpya zilizotamba kisiwa kizima.

Hapa kuna neno jingine la kukuchanganya, nilitaje nipite: Jamaika, dijei ni huyo anayeropoka kwenye maikrofoni. Anayeweka santuri ni selekta. Sisi huku tumegeuza, dijei ndiye wa mashine. Ukisoma kwamba Shabba Ranks ni dijei, usimtafute kwenye sahani za santuri.

Halafu kuna pesa, na hili sipendi kulipamba. Ridimu ilienea pia kwa sababu ilikuwa nafuu kwa prodyuza. Wapigaji walilipwa ujira wa mara moja, mkanda ukabaki mali ya mwenye studio, na mkanda mmoja ukaimbiwa na watu kumi bila mpigaji kuongezewa senti. Jamaika ilipata sheria yake yenyewe ya hakimiliki mwaka 1993 tu. Kabla ya hapo ilikuwa ikitegemea sheria ya Waingereza ya 1911. Wapigaji wengi walizeeka wakizisikia besi zao redioni kila siku huku mifuko imetoboka. Kwa hiyo mtu akikwambia ridimu ni udugu na kushirikiana, mkubalie, kisha mwulize aliyepiga besi alipata ngapi.

Sasa nikuonyeshe ridimu chache kwa karibu, maana maelezo matupu hayashibishi.

Studio One ya Coxsone Dodd, mtaa wa Brentford, Kingston, ilirekodi mwaka 1967 muziki mtupu uitwao "Real Rock", uliopigwa na Sound Dimension. Besi yake ni noti chache tu, na mtoto wa miaka sita anaweza kuiguna. Miaka kama kumi baadaye Willie Williams akaimba juu yake "Armagideon Time", na toka hapo hesabu ya walioingia ni mamia. Wengine walitumia mkanda wa zamani, wengine waliita wapigaji wapya wairudie besi ile ile kwa vyombo vipya. Ukisikia imepigwa upya bado ni Real Rock. Ridimu inakaa kwenye muundo wa besi na ngoma, haikai kwenye mkanda mmoja.

Au chukua "Stalag", ya Ansel Collins, iliyotolewa na Winston Riley miaka ya mwanzo ya 1970. Mwaka 1982 dada mmoja, Sister Nancy, akaimba juu yake "Bam Bam", ambayo hadi leo ukiipiga kwenye sherehe hata wasiojua reggae wanainua mkono. Mwaka 1985 Tenor Saw akaimba juu ya Stalag hiyo hiyo "Ring the Alarm". Weka nyimbo hizi mbili moja baada ya nyingine: Nancy anatamba kwa utulivu kama mwenye nyumba, Tenor Saw analia kama anayeita watu kwenye moto. Ardhi ni ile ile. Na angalia mtego: ipo ridimu nyingine inayoitwa Bam Bam, ya Sly Dunbar na Robbie Shakespeare, ambayo juu yake Chaka Demus na Pliers waliimba "Murder She Wrote". Kwa hiyo wimbo "Bam Bam" hauko kwenye ridimu ya Bam Bam. Watu wazima hubishana usiku kucha kwa sababu hii. Ukitaka kuonekana mjuzi, anzia hapo.

Sleng Teng siwezi kuiacha. Casio walitoa mwaka 1981 kinanda kidogo cha betri, MT-40, cha kuchezea nyumbani. Ndani yake mlikuwa na vibonyezo vya midundo ya tayari, na ule wa "rock" ulitungwa na binti wa Kijapani aliyekuwa amejiunga na kampuni muda si mrefu, Hiroko Okuda. Kinanda kikafika Kingston mikononi mwa Noel Davey, yeye na Wayne Smith wakakibonyeza wakaupata mdundo ule, wakampelekea prodyuza King Jammy, mtaa wa Waterhouse. Jammy akaupunguza kasi, akaongeza vitu viwili vitatu, Wayne Smith akaimba "Under Mi Sleng Teng". Mnamo Februari 1985, katika shindano la saundi sistemu, Jammy akaupiga na uwanja ukachafuka. Hapakuwa na mpiga besi, hapakuwa na mpiga ngoma. Maprodyuza wa Kingston wakaona ridimu inaweza kutoka kwenye mashine ya mezani, na dancehall unayoimba wewe leo, ya kompyuta, inatembea kwenye njia iliyofunguliwa na kidude kile. Kila ukiingia studio ya chumba kimoja yenye laptop na maikrofoni iliyofungwa soksi, uko kwenye ukoo wa Jammy.

Ya mwisho ni Diwali, ya Steven Marsden aitwaye Lenky. Hii ulikuwa mtoto mchanga, lakini mama yako huenda aliicheza. Ukiisikiliza, kilicho mbele ni makofi: yanapishana, yanajibizana, kama kina mama wanavyopiga makofi wakimzunguka bibi harusi. Mwaka 2003 Sean Paul alifika namba moja Marekani na "Get Busy" akiwa juu ya makofi yale. Wayne Wonder akawa kwenye chati hizo hizo na "No Letting Go", wimbo laini wa mapenzi, juu ya makofi yale yale. Na binti wa New York, Lumidee, naye akaingia na wake. Mmoja anacheza, mmoja anabembeleza, mmoja anaimba kama amechoka. Sijasikia kwamba Sean Paul alimpigia simu mtu akilalamika.

Na kwa nini inafanya kazi? Kasi ni moja, na kimo cha sauti, kile wanamuziki wetu wanakiita kii, ni kimoja. Selekta anaweza kupiga nyimbo kumi na mbili za ridimu moja bila mchezaji kupoteza hatua; anabadilisha sauti tu, kiuno kinaendelea. Mchezo huo wanauita juggling, na mix nyingi ulizozisikia kwenye matatu za Nairobi zinapangwa hivyo hivyo. Maana yake kwako ni mbili. Kwanza, wimbo wa mwenzako ukipigwa, wako uko mlangoni unasubiri zamu, kwa sababu selekta akishaingia kwenye ridimu hiyo anatafuta mwingine wa kuunganisha. Pili, kii ni ya ridimu, si yako. Umeandika kwamba wimbo wa kijana unapigwa kuliko wako. Sijausikia, lakini kwa uzoefu wangu na wanafunzi, mara nyingi binti huingizwa kwenye ridimu iliyopangwa kwa sauti ya mwanaume, akawa ama anachimba chini ama anapiga kelele juu. Kabla ya kuingia tena kwenye yoyote, iimbe na simu nyumbani siku mbili. Koo likiuma, ikatae, au omba ipandishwe.

Labda sasa unasema: haya ni ya Jamaika, sisi kwetu kila mtu na wimbo wake. Si kweli hata kidogo, na hapa ndipo napenda sana somo hili. Ushairi wetu umekuwa ukifanya hivyo kabla ya spika kuwepo. Malenga akitoa shairi la tarbia, mizani 16, akamchokoza mwenzake, mwenzake humjibu kwa bahari ile ile na mara nyingi kwa vina vile vile. Hakuna aliyesema kaibiwa tarbia. Tena wasikilizaji hungoja hasa hapo: tukuwekee uzio ule ule, tuone wewe unarukaje. Na hapo jirani yako Mombasa, Juma Bhalo alipata sifa kubwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Singeli ya Dar nayo, mwanzoni, ilikuwa vipande vya taarabu vilivyoongezwa kasi, ma-MC wakapokezana juu yake.

Ila mfano huu una mpaka, nisikudanganye. Juma Bhalo alichukua mahadhi, yaani njia ya sauti ya mwimbaji. Ridimu inakuachia njia hiyo utunge mwenyewe, inakupa ardhi tu. Na tarbia haina mwenyewe. Ridimu ina mwenyewe: mtu aliyekaa usiku akaitengeneza. Steely na Clevie, wapigaji wa Kingston, walitoa "Fish Market" mwaka 1989, na mdundo wa ngoma yake unadaiwa kuwa ndio uliojenga reggaeton nzima ya Puerto Rico na Panama. Mwaka 2021 upande wao ulifungua kesi Marekani, baadaye ikapanuka ikawagusa wasanii zaidi ya mia moja, na 2024 jaji akakataa kuitupa mapema. Kwa hiyo anayesema "ridimu ni ya wote" anakosea kama anayesema "ni yangu peke yangu".

Turudi Tanga. Kilicho haki yako ni maneno yako na njia ya sauti uliyoitunga. Kijana wa Mombasa akichukua kiitikio chako, hata mistari miwili, au akaifuata melodi yako, hapo kakugusa, na simulizi yote niliyoandika hapo juu haimlindi. Ridimu yenyewe ni ya prodyuza, kama kweli kaitengeneza. Uhakikishe hilo, kwa sababu wapo wanaopakua biti ya mtu mtandaoni, wanabadilisha kasi kidogo na kuiita yao. Siku mwenyewe akitokea, wimbo wako ndio unaoshushwa. Elfu hamsini uliyolipa, kwa ulivyoandika, ni ya kurekodi, haikununua biti. Mtu hununua upekee kwa bei yake na kwa maandishi. Ukilipia saa za studio umenunua saa za studio.

Unaweza kufanya nini? Njia ya kupigania biti iwe yako peke yako naiona dhaifu: huna karatasi, na neno lililotamkwa siku ile lilikuwa upande wake. Njia ya pili ni kuchukua sauti zako, mwombe faili la vokali zako peke yake, ukawekewe chini yake biti mpya ambayo ni yako. Inafanyika, nimeisikia ikifanyika vizuri, lakini ina gharama, na wimbo ambao watu wameshaupenda hautoki upya ukiwa ule ule. Njia ninayoipenda mimi ni kumrudia prodyuza bila hasira, umwambie: sawa, ni ridimu, basi tuifanye kiridimu. Ipe jina. Toa nyimbo zote zilizomo pamoja kama seti, jina la ridimu moja, majina ya waimbaji wote, langu likiwemo. Hivyo ndivyo Jamaika hufanya, na ndivyo Trinidad hufanya kwa soca, muziki wao wa msimu wa kanivali. Akikataa kuipa jina na bado anaendelea kuuza biti hiyo kimyakimya kwa kila anayebisha hodi, huyo hafanyi ridimu, anauza mkate mmoja kwa watu watano.

Kuna jambo moja la haraka zaidi ya haya yote. YouTube wana mfumo unaotambua sauti zinazofanana. Nyimbo mbili zenye ridimu moja, kwa mashine, zinafanana sana. Yule kijana au msambazaji wake akisajili wimbo wake kwenye mfumo huo, wako unaweza kudaiwa, na mapato yakaenda kwake bila yeye hata kujua. Mfumo wenyewe hauruhusu kusajili muziki ambao haki yake si ya mtu mmoja, lakini watu husajili. Ingia kwenye akaunti yako leo uangalie kama kuna dai. Likiwepo, lipinge, ukiambatanisha ujumbe wa prodyuza unaoeleza kwamba biti imetolewa kwa wengi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia, usiufute.

Mambo mawili yakupeleke ofisini ana kwa ana, usiyamalize na mimi wala na binamu. La kwanza, ukigundua maneno au melodi yako imechukuliwa. La pili, ukiletewa mkataba wa kusaini baada ya wimbo kupendwa. Hao huja wakitabasamu. Kwa Tanzania nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na wimbo, tarehe, na majina ya waliokuwepo studio. Kwa sababu mwenzako yuko Kenya, upande ule ni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko. Kama kuna pesa ya maana imeshaingia, tafuta wakili anayejua hakimiliki, si yule wa viwanja.

Sasa uandishi. Wajamaika huandika riddim kwa d mbili, na ukiliweka hivyo kwenye jalada, kwa jina la ridimu, kila mtu wa dancehall duniani atakuelewa: "Kamba Riddim", kwa mfano, kama ridimu yenu mkiiita Kamba. Kwenye sentensi ya Kiswahili mimi naandika ridimu, kwa sababu Kiswahili hakipendi neno liishie na m iliyofungwa mdomo, na d mbili hatuna kazi nazo. Liweke kwenye ngeli ya nguo: ridimu hii, ridimu hizi, ridimu imekaa. Sema "nimeimba juu ya ridimu ya Stalag" au "nimeingia kwenye Stalag". Usiseme "naimba muziki wa ridimu". Unaimba dancehall, ridimu ni kilicho chini ya miguu yako. Na usiite ridimu biti ambayo umeinunua iwe yako pekee, maana mtu atakuja kuingia na utakuwa umemkaribisha kwa mdomo wako.

Kabla hujampigia tena prodyuza, fanya hivi. Pakua wimbo wako na wa kijana, vaa spika za masikio, sikiliza sekunde thelathini za kwanza za kila mmoja. Usisikilize maneno, sikiliza anaingia wapi. Waimbaji wapya huingia pale pale besi inapoanza, wanaikalia kichwani. Wazoefu huiacha ipige mzunguko mmoja, wanaingia pembeni yake, kwenye uwazi. Kama ameingia kwenye uwazi na wewe ulikaa kichwani, umejua kwa nini wake unapigwa. Kisha mjibu. Beti mbili, ridimu ile ile, umtaje na Mombasa yake, umtanie kidogo. Ukimaliza nitumie, nataka kusikia.